Aligoma kwenda kanisani baba alipofariki, Namugongo akaosha miguu ya mahujaji

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya beseni la bluu. Alikuwa ametembea siku tisa kutoka magharibi mwa Kenya. Soksi ilikuwa imegandamana na kisigino kwa damu na vumbi, hivyo ilibidi ilowekwe kwanza ndipo ivuliwe.

Aliyepiga magoti mbele yake, akimimina maji kwa kopo taratibu, alikuwa mdogo wangu wa miaka 16. Kijana huyo alikuwa hajakanyaga kanisani kwa miezi saba.

Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika boksi la gozi. Nilikuwa nasubiri aache kopo akimbie nje. Nilikuwa na sababu ya kudhani hivyo, na nitaieleza.

Wazazi wengi Wakatoliki wanalijua swali ambalo mama yangu aliliuliza kila Jumapili asubuhi mwaka ule. Mtoto amebatizwa, amepata komunyo ya kwanza, amepata kipaimara, alikuwa Utoto Mtakatifu na alitumikia altareni. Ghafla anafika umri wa sekondari na kusema haendi tena kanisani. Umfanye nini? Umchape? Umwache?

Makala haya hayana jibu la kila nyumba. Yanasimulia yaliyotokea kwetu, baada ya kijana mmoja kupewa kazi ya kufanya katika kituo cha hija cha Mashahidi wa Uganda, Namugongo, wiki moja kabla ya Juni 3.

Kidonda cha baba

Baba yetu aliishi na kisukari kwa miaka 11. Alikuwa mtu wa shamba, mkulima wa kahawa na ndizi mkoani Kagera, na hakuwa mtu wa kulalamika. Siku moja kiatu kilimchubua kidole gumba cha mguu. Hakuhisi chochote.

Kwa wasiojua, hivyo ndivyo kisukari kinavyofanya kazi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu, mtu akapoteza hisia. Msumari unaweza kumchoma asijue. Wakati huohuo damu haifiki vizuri miguuni, hivyo kidonda kidogo hakiponi na vijidudu hupata nafasi.

Baba alipaka majani kwa wiki tatu. Tulipompeleka hospitali kidole kilikuwa cheusi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Miezi minane baada ya mchubuko ule, alifariki dunia.

Kwa miezi hiyo minane nyumba yetu ilisali. Jumuiya ilikuja kila Jumatano. Kila jioni tulisali Rozari, na aliyeiongoza alikuwa mdogo wangu. Alikuwa na sauti nzuri na alizijua tesi zote bila kusoma.

Kuhusu kidonda, hata hivyo, hakuwa na uwezo. Mara ya kwanza mama alipomwomba amshikie beseni wakati wa kubadilisha bandeji, alitoka mbio akatapika uani. Baada ya hapo kila ilipofika saa ya bandeji alikuwa na sababu: masomo, mpira, kuchota maji. Hatukumlaumu. Alikuwa mtoto.

Wiki mbili baada ya mazishi mama alimwamsha kwenda misa ya kwanza. Alikataa. Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kutoka kazini Dar es Salaam, nikaenda kuzungumza naye.

"Dada, tulisali miezi minane," aliniambia. "Alikuwa anasikia nini?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kulegea tangu chuo kikuu. Nilikwenda kanisani Krismasi na Pasaka, na nilipokuwa nyumbani kwa mama.

Alitaka kuiona Kampala

Katika parokia yetu kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye kila mwaka mwishoni mwa Mei huvuka mpaka wa Mutukula kwenda kujitolea kwenye hema la huduma ya kwanza Namugongo. Mwaka ule alihitaji watu wawili wa kumsaidia.

Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mahujaji hutoka Uganda yote, Kenya, Rwanda, Kongo na kwetu Tanzania. Kwa Kihaya chake anaweza kuelewana na mahujaji wa Ankole, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu. Lakini wengi kutoka Kenya na Kongo huongea Kiswahili, na wahudumu wa Kiganda hawakijui vizuri. Foleni ikirefuka, mtu anayeweza kuuliza kwa Kiswahili "unaumwa wapi, umekunywa maji lini?" ni msaada mkubwa.

Mimi niliomba likizo, nikisema moyoni kwamba nitapata habari ya kuandika. Mdogo wangu alikubali kwa sababu moja tu: hajawahi kuiona Kampala.

Mama hakumhubiria. Alimfungia chapati na mayai ya kuchemsha, akampa koti la baba la mvua, akamwambia amsikilize muuguzi. Basi.

Safari ya basi kutoka Bukoba hadi Kampala hupita Mutukula na Masaka, na huchukua sehemu kubwa ya siku. Kuanzia Masaka tulianza kuwaona mahujaji wa miguu pembeni mwa barabara. Walikuja kwa makundi, bendera mbele, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wengine na mizigo kichwani, wengine na watoto mgongoni. Kuna wanaotembea kutoka Mbarara, zaidi ya kilomita 250. Wengine hutoka mbali zaidi ya hapo.

Mdogo wangu alitoa kichwa dirishani. "Hawa wote hawana nauli?" aliuliza.

Muuguzi alimjibu kwamba wengine hawana, wengine wanayo.

Vijana waliouawa hapa

Namugongo iko takriban kilomita 15 kutoka katikati ya Kampala. Basilika yake ina umbo la nyumba ya msonge na imezungukwa na nguzo 22, moja kwa kila Shahidi Mkatoliki. Altare yake, kwa mapokeo, imewekwa mahali alipochomwa moto Karoli Lwanga. Chini kuna ziwa dogo, na ndani yake kisiwa chenye altare ambako huadhimishwa misa kubwa ya Juni 3, siku ambayo Uganda nzima ni sikukuu.

Wengi wetu tunalijua jina la Lwanga kwa sababu ya shule na parokia zilizopewa jina lake. Tulio wengi hatujui kwamba kisa chenyewe ni kisa cha vijana.

Lwanga alikuwa na miaka 25 hivi. Alisimamia watumishi vijana katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Aliyemtangulia katika kazi hiyo, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Novemba 15, 1885 baada ya kumkemea Kabaka kwa kumuua Askofu Mwanglikana James Hannington, na kwa kuwalinda vijana hao dhidi ya tabia zake chafu. Lwanga alipochukua nafasi hiyo aliendelea kuwalinda.

Mwishoni mwa Mei 1886 Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge. Usiku wa kuamkia siku hiyo Lwanga alikuwa amewabatiza wanne waliokuwa bado wanafunzi wa dini, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye miaka 14 hivi. Walifungwa kamba, wakatembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo. Walikaa karibu wiki nzima wakisubiri kuni zikusanywe. Juni 3 wakachomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Lwanga alichomwa peke yake, na moto ulianzia miguuni.

Kuna mmoja ambaye kila mzazi anapaswa kumjua. Aliitwa Mbaga Tuzinde. Alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka, yaani mtu yuleyule aliyepewa kazi ya kuwachoma. Mukajanga alimsihi mwanawe aseme tu kwamba ameacha kusali, ili amfiche. Kijana alikataa. Mwishowe aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, ili asiusikie moto.

Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na kutangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita Oktoba 18, 1964. Papa huyo alifika Namugongo mwenyewe mwaka 1969, akiwa Papa wa kwanza kuzuru Afrika akiwa madarakani. Yohane Paulo wa Pili alifuata mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015.

Kwa sisi wa Kagera ni habari ya nyumbani. Wamisionari walioanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892 walikuja kwetu kutoka Uganda, miaka sita tu baada ya moto ule.

Kazi ya hema

Hema letu lilikuwa turubai moja kubwa, vitanda vitatu, meza, ndoo za maji, viti vya plastiki na mabeseni. Kazi ilianza saa 12 asubuhi.

Asilimia kubwa ya waliokuja walikuwa na tatizo moja: miguu. Malengelenge kwenye visigino na vidoleni, kucha zilizong'oka, vifundo vilivyovimba. Wengine walikuja na kizunguzungu kwa kutembea juani bila maji ya kutosha. Wapo waliokuwa na homa, wakapimwa malaria. Wapo walioacha dawa za presha nyumbani.

Mdogo wangu alipangiwa kuchota maji na kumwaga maji machafu. Siku ya kwanza alifanya hivyo tu. Alikuwa akigeuza uso kila alipobeba beseni lililotumika.

Siku ya pili asubuhi lilifika kundi kubwa la Wakenya na foleni ikawa ndefu. Muuguzi alimwita, akampa glavu, akamwonyesha mara moja: loweka soksi, usivute. Osha kwa maji safi na sabuni. Ngozi ya lengelenge usiibandue, ndiyo plasta ya asili. Kausha, hata katikati ya vidole. Likiwa kubwa na linauma niite mimi, usitoboe. Funika kwa gozi.

"Na uwasalimie," aliongeza. "Miguu ina mwenyewe."

Hapo ndipo alipokuja yule mzee niliyemtaja mwanzoni.

Soksi ilipotoka, kisigino kilikuwa kibichi na kilitoa harufu. Nilimwona mdogo wangu akifumba macho. Mabega yakapanda. Nikaweka boksi chini ili nichukue nafasi yake.

Hakukimbia. Alifumbua macho, akachukua kopo, akaendelea kumimina. Baada ya muda akamuuliza yule mzee, kwa sauti ndogo, amekuja kuomba nini.

Mzee alisema mke wake alifariki mwaka uliopita. Alikuwa amepanga kuja naye. Sasa amekuja kwa niaba ya wote wawili.

"Hukukasirika?" mdogo wangu aliuliza.

"Na nani?"

Mdogo wangu hakujibu. Mzee alicheka kidogo, akasema alikasirika sana, na kwamba sehemu ya njia, kabla ya Jinja, aliitembea akigombana na Mungu kwa sauti hadi wenzake wakamwacha nyuma.

Alipofungwa bandeji alisimama, akamwekea mdogo wangu mkono kichwani, akaondoka akichechemea kwenda kutafuta wenzake. Siku hiyo mdogo wangu aliosha miguu hadi saa mbili usiku. Mimi niliacha kuhesabu baada ya watu 40.

Swali la usiku

Tulilala nyuma ya hema, juu ya mikeka, kama maelfu ya watu wengine uwanjani. Namugongo haina usiku kamili siku hizo. Kuna nyimbo, kuna Rozari kwa lugha tano, kuna watoto wanaolia.

Muuguzi alikuwa amevua viatu na kuinyoosha miguu yake mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amelala chali. Ghafla akasema, "Hawa vijana nao waliomba."

Tukanyamaza.

"Kizito na wenzake. Wiki nzima wamefungwa hapa wanasali. Na bado wakachomwa."

Muuguzi alisema ni kweli.

"Sasa kwa nini watu wanakuja kuomba kwa watu ambao wenyewe hawakuokolewa?"

Nimesoma chuo kikuu na ninaandika kwa kazi, lakini swali hilo lilinishinda. Muuguzi naye hakutoa mahubiri. Alisema kwamba yeye katika miaka 30 wodini ameona wanaosali wakipona na wanaosali wakifa, na wasiosali vilevile. Alisema hakuwahi kusali ili Mungu awe kama dawa ya kunywa kutwa mara tatu. Husali ili asiwe peke yake, na mgonjwa naye asiwe peke yake. Wale vijana, alisema, walitembea pamoja, mkubwa akimtia moyo mdogo. Hicho ndicho watu wanachokuja kukiomba.

Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Ile siku nilipotapika, Baba aliniona. Nilimkimbia. Na sikurudi tena."

Ndipo nikaelewa kwamba kwa miezi saba tulikuwa tunashughulikia swali lisilo lenyewe. Sisi tulidhani amemkasirikia Mungu. Kumbe alikuwa amejikasirikia mwenyewe, na alikuwa hawezi kukaa kanisani kwa sababu pale mbele, kwenye benchi la tatu, ndipo baba alipokuwa akikaa.

Muuguzi alimwambia, "Mimi kidonda changu cha kwanza nilizimia. Walinibeba. Kesho yake nikarudi. Wewe umerudi leo."

Hakuna aliyesema kitu kingine. Baadaye nilimsikia akilia chini ya koti la baba.

Asubuhi yake, kabla ya kazi kuanza, aliomba ruhusa. Nilimwona kwa mbali amejipanga kwenye foleni ya kitubio, kwa padre aliyekuwa anasikiliza kwa Kiswahili. Foleni ilikuwa ndefu. Alikaa huko saa nzima. Sikumuuliza alisema nini, na hadi leo sijui.

Nadhiri na viatu

Lazima nijisemee na mimi. Kazi yangu ya kuandika habari za afya imenifanya niogope sehemu kama hizi. Nimekutana na wagonjwa waliotupa dawa za ukimwi au za kifafa kwa sababu mtu fulani mwenye kipaza sauti aliwaambia wamepona. Baadhi yao hawapo leo. Hivyo nilikwenda Namugongo nikiwa na daftari na mashaka.

Siku ya tatu alikuja mama wa makamo mwenye kisukari. Alikuwa ameweka nadhiri kutembea sehemu ya mwisho bila viatu, kwa ajili ya binti yake. Nyayo zake zilikuwa na michubuko miwili asiyoihisi. Nilipoiona nilisikia baridi, kwa sababu ndivyo kidonda cha baba kilivyoanza.

Muuguzi alimsafisha, akampima sukari, kisha akamwambia hataendelea bila viatu. Mama akasema ameahidi mbele ya Mungu na hawezi kuvunja.

Muuguzi hakubishana. Alimtuma mdogo wangu akamtafute padre. Padre alikuja, akachutama, akatazama ile miguu, akamweleza kwamba Kanisa linaruhusu nadhiri binafsi kubadilishwa kuwa tendo jema linalolingana nayo. Akamwambia avae viatu, anywe dawa zake, na sadaka yake iwe kukaa nusu siku hemani akiwasalimia na kuwapa maji wanaosubiri.

Alivaa viatu. Alikaa hadi jioni, na alikuwa mcheshi kuliko sisi wote.

Nilizoea kuandika kana kwamba imani na dawa ziko kwenye mizani, moja ikipanda nyingine inashuka. Pale hemani nilimwona muuguzi akifunga bandeji kisawasawa na kumwombea mtu huyohuyo, bila kuona kwamba anafanya mambo mawili tofauti. Katekisimu tuliyoikariri watoto inataja matendo saba ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwatazama wagonjwa na mengineyo. Niliyakariri kwa ajili ya mtihani wa kipaimara. Ilinichukua miaka 15 kugundua kwamba yalikuwa maelekezo ya kazi.

Juni 3 tulisikiliza misa tukiwa hemani, kupitia spika. Hatukuiona altare kabisa. Wakati wa komunyo padre alipita mahali petu. Mdogo wangu alivua glavu, akanawa mikono, akapokea.

Baada ya kurudi

Wazazi wataniuliza: je, sasa anakwenda kanisani kila Jumapili?

Hapana. Anakwenda mara nyingi, si kila mara. Kuna Jumapili anasema hajisikii, na mama humwacha. Rozari hajaanza tena kuiongoza.

Lakini mwezi mmoja baada ya kurudi, mama aliniambia kwa simu kwamba jumuiya ilikuwa inakwenda kumtembelea jirani aliyepooza, na kijana akaomba kwenda nao. Alipofika alimuuliza binti wa mgonjwa kama anahitaji kusaidiwa kumgeuza. Sasa huenda kila Jumamosi, hata jumuiya isipokwenda. Humgeuza, humkagua mgongoni na kwenye visigino kama kuna vidonda vya kulala, kama alivyofundishwa.

Siku moja alimuuliza mama kama baba aliwahi kusema lolote kuhusu siku ile. Mama akamwambia baba alisema tu, "Mwacheni mtoto, hata mimi inanishinda." Alikuwa amekaa na swali hilo mwaka mzima, na jibu lilikuwa jikoni kwa mama muda wote.

Kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto

Huhitaji kwenda Uganda. Vipo vituo vya hija vya karibu, kama Pugu jijini Dar es Salaam au Subukia kwa walioko Kenya, na parokia yako haikosi mgonjwa. Lakini kama ni hija, na kama ni kutumikia, haya ndiyo tuliyojifunza.

Mpe kazi halisi. Kijana anayebeba maji, anayeosha au kutafsiri anahitajika, na anajua anahitajika. Kijana aliyepelekwa kusikiliza tu atashika simu.

Usimfiche sababu, wala usimlazimishe sababu yako. Wa kwetu alikwenda kuiona Kampala. Hilo lilitosha kwa kuanzia.

Mweke chini ya mtu mzima unayemjua. Umati ni mkubwa. Mtoto chini ya miaka 18 asiachwe alale peke yake wala na mtu usiyemfahamu. Mdogo zaidi aandikiwe namba ya simu ya mzazi mkononi au kwenye kadi shingoni.

Andaa nyaraka mapema. Kuvuka mpaka kunahitaji hati ya kusafiria, na kama mtoto hasafiri na mzazi, barua ya ridhaa. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi yake ibebwe.

Viatu visiwe vipya. Atembee navyo nyumbani wiki mbili kabla. Soksi za pamba, jozi tatu au zaidi, na zibadilishwe zikilowa.

Maji ni muhimu kuliko chakula. Mkojo wa rangi iliyokolea, midomo mikavu na kizunguzungu ni dalili za kupungukiwa maji. Beba pakiti za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji yanayochotwa hija kwa ajili ya baraka yasinywewe bila kuchemshwa.

Lala ndani ya chandarua, hata kama ni uwanjani.

Mwenye kisukari, presha, kifafa au pumu asiache dawa. Abebe za siku zaidi ya alizopanga. Mwenye kisukari asitembee bila viatu kwa nadhiri yoyote, na akague nyayo zake kila jioni, au akaguliwe. Mchubuko wowote usiopona haraka aupeleke hospitali, asiupake majani.

Hilo la mwisho naliandika kwa ajili ya baba. Kama nyumbani kwako yupo mtu mwenye kisukari, leo jioni mwambie avue viatu, uitazame miguu yake. Na kama una kijana nyumbani, mwite akushikie taa.